Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Jua la Monet Hutoweka Katika Kopi Nyeusi na Nyeupe?

Barua tatu tulizochagua safari hii, moja kutoka Bagamoyo na mbili kutoka Tanga, zinahusu picha moja ya mandhari, ile ambayo mchoraji Mfaransa Claude Monet alionyesha jua likichomoza bandarini. Tumezijibu kwa mfuatano kwa sababu jibu la kwanza linaandaa njia ya mengine mawili.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa uchoraji. Tumepewa kazi ya kuchambua rangi, mistari na mpangilio katika picha maarufu ya mandhari, nami nimechagua ile ya Monet ya jua la asubuhi. Nilikwenda kutoa kopi ya rangi, lakini wino wa rangi ulikuwa umekwisha, nikapewa kopi nyeusi na nyeupe. Nilichokiona kimenishangaza: boti zinaonekana, milingoti inaonekana, lakini jua lenyewe karibu halipo. Je, kopi imeharibika, au kuna jambo nisilolielewa? Na uchambuzi wangu niuanzie wapi? — R.H., Magomeni, Bagamoyo.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kopi yako haina kasoro. Jua la picha hiyo hufifia namna hiyo hiyo katika kila nakala isiyo na rangi, hata ikitolewa kwa mashine bora kiasi gani, na sababu ya kufifia huko ndiyo mahali pazuri pa kuanzia kazi yako.

Kwanza tukubaliane juu ya kitu tunachokitazama. Picha hiyo huitwa Taswira, Jua Likichomoza. Monet aliitia sahihi chini upande wa kushoto pamoja na tarakimu 72, yaani mwaka 1872. Imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya turubai lenye kimo cha sentimita 48 na upana wa sentimita 63, na leo imetundikwa katika makumbusho ya Marmottan Monet mjini Paris. Bandari inayoonekana ni ya Le Havre, pwani ya kaskazini ya Ufaransa, mji ambao Monet alikulia, naye aliitazama kutoka kwenye dirisha la hoteli iliyoelekea majini. Mbele kuna boti ndogo tatu. Nyuma yake, kushoto, imesimama milingoti ya meli za matanga pamoja na madohani yanayotoa moshi. Kulia kuna kreni na gati. Na juu ya vyote kuna duara dogo la rangi ya chungwa, ambalo vipande vya rangi yake vimetawanyika majini chini yake.

Sasa tuzitazame rangi. Kila rangi ina sifa mbili ambazo mchambuzi hana budi kuzitenganisha. Ya kwanza ni ile tunayoitaja kwa jina tunaposema nyekundu, buluu au chungwa. Ya pili ni kiasi cha mwanga wake, yaani iko karibu na weupe au na weusi kwa kadiri gani. Kopi nyeusi na nyeupe huitupa sifa ya kwanza na kuibakiza ya pili. Jua la Monet ni la chungwa iliyokolea, na anga linalolizunguka ni la kijivu chenye buluu. Kwa jina rangi hizi ziko mbali mno, lakini kwa mwanga zinakaribiana sana. Ukiondoa majina, yaani ukiondoa chungwa na buluu, kinachobaki ni kijivu juu ya kijivu kinachofanana nacho, na jua linazama humo.

Margaret Livingstone, mtaalamu wa mfumo wa fahamu katika Chuo Kikuu cha Harvard, ameeleza matokeo ya jambo hili katika ubongo wa mtazamaji. Sehemu ya ubongo inayotuambia kitu kiko wapi na kama kinatembea hutegemea tofauti ya mwanga na giza, na karibu haijali rangi. Sehemu nyingine, inayotusaidia kukitambua kitu, huzisoma rangi vizuri. Jua hili ni dhahiri mno kwa sehemu ya pili, na kwa sehemu ya kwanza karibu halipo. Ndiyo maana mtu akilikazia macho huliona likitetemeka, kana kwamba halijatulia mahali pake. Naliona jambo hili kuwa la ajabu kuliko yote katika picha hiyo, kwa sababu Monet hakuwa na kipimo chochote ila macho yake mwenyewe na rangi alizozichanganya.

Wewe uliye Bagamoyo, ambako pwani inatazama mashariki, una nafasi ya kulinganisha. Jua halisi, hata likiwa bado jekundu, hung'aa kuliko anga lililo kando yake. Monet angetaka kuufuata mwanga wa kweli, angelipaka jua nyeupe iliyotiwa manjano kidogo, nalo lingekuwa doa jeupe lisilo na joto lolote. Aliuacha mwanga akaishika rangi. Mahali alipokuwa palimsaidia pia. Le Havre iko kaskazini sana, takribani nyuzi 49 na nusu kutoka ikweta, na jua la Novemba huko hupanda kwa mshazari: katika nusu saa huwa limeinuka takribani nyuzi 4 tu, ilhali jua la Bagamoyo, ambalo hupanda karibu wima, katika muda huo huo huwa limeinuka takribani nyuzi 7. Jua la kule basi hukawia ndani ya ukungu wa chini, na mchoraji hupata muda mrefu zaidi wa kuliona likiwa duara lenye rangi, kabla halijawa mwanga usiotazamika.

Kuhusu uhusiano wa chungwa na buluu, usiishie kuandika kwamba moja ni rangi ya joto na nyingine ya baridi, kwa maana hilo kila mtu analiandika. Eleza kinachotokea zinapokaa pamoja. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji wa rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins mjini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilionekana hafifu zikishafumwa. Alipochunguza aligundua kwamba dawa ya rangi haikuwa na ubovu. Weusi ulififishwa na rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa juu ya namna rangi zinavyobadilishana sura zinapokuwa jirani, na mojawapo ya kanuni zake ni kwamba rangi mbili zinazokabiliana, kama chungwa na buluu, hupandishana nguvu. Muuza kanga analijua hili kwa vitendo anapochagua doti ya kuitundika kando ya nyingine ili zote mbili ziwake. Katika picha ya Monet, kijivu kinachotawala si buluu kali hata kidogo; ukikikata kipande chake na kukiweka peke yake kitaonekana cha vumbi. Kinapata ubuluu wake kwa sababu chungwa ipo, na chungwa nayo inawaka kuliko ilivyo kwa sababu imezungukwa na kijivu hicho. Tazama pia uwiano: chungwa iliyokolea imechukua sehemu ndogo mno ya turubai, ila imepenyezwa kwa uhafifu katika anga la juu, hivi kwamba jua halionekani kama kitu kilichobandikwa baadaye.

Katika mistari utapata kazi ya aina nyingine. Nenda kwenye maduka ya picha za Tingatinga hapo mjini kwenu ukaitazame moja kwa makini. Mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, unamzungushia chui ama ndege ukingo ulio wazi, na rangi hujaa ndani ya ukingo huo bila kuvuja. Kwa Monet huoni ukingo. Mlingoti ni mpigo mmoja wa brashi uliopitishwa juu ya rangi nyingine, dohani ni mpigo mnene zaidi, na mahali gati linapokutana na maji huwezi kuweka ncha ya kalamu ukasema mpaka uko hapa. Hata hivyo mistari imo, nayo imepangwa. Ya wima, yaani milingoti na madohani, imekusanyika zaidi kushoto na hurudiwa kwa mawimbi mafupi majini. Ya ulalo ni mipigo ya maji, mifupi na iliyokatika, mikubwa kiasi karibu nasi na inayopungua kadiri tunavyokwenda mbali. Ya mshazari ni miwili mikuu: moshi unaoegemea upande mmoja kwa upepo, na mfuatano wa boti tatu unaoanza karibu na katikati ya picha na kupanda kuelekea kushoto.

Mpangilio nao ndio unaoyaunganisha haya yote, na hapa kopi yako mbovu, kama unavyoiona, ina thamani kuliko ile ya rangi. Iweke mezani kando ya picha ya rangi. Katika kopi, kitu kinachoshika jicho mara moja ni boti ya karibu, pamoja na watu wake wawili, kwa sababu ndicho kitu cheusi kuliko vyote. Katika picha ya rangi, kinachoshika jicho ni jua. Picha ina vitovu viwili: kimoja kimejengwa kwa giza na kingine kimejengwa kwa rangi, na kila kimoja ni dhaifu pale kingine kinapokuwa na nguvu. Hakuna kinachokaa katikati kamili. Jua limesogezwa kulia, mstari wa boti unakimbilia kushoto, na njia ya mwanga majini, iliyovunjika vipande vipande, inashuka kutoka kwenye jua kuelekea usawa wa boti bila kuigusa. Jicho linakwenda na kurudi kati ya viwili hivyo, na kwa kuwa kila kitu kingine kimefifishwa na ukungu, halipati mahali pengine pa kutua. Upeo wa macho umewekwa juu ya nusu ya picha ili maji yapate eneo kubwa, na sehemu ya chini imeachwa karibu tupu. Ukiijaza sehemu hiyo kwa mawazo, kwa mfano ukitia boti ya nne mbele kabisa, utaona mara moja kwamba boti nyeusi inapoteza ukuu wake.

Katika kuandika, nakushauri uanze na aya ya kopi mbili ulizoziweka pamoja, kisha rangi, kisha mistari, na mpangilio mwishoni. Neno kama utulivu au upweke liandike pale tu ulipokwisha kutaja ni mpigo gani, rangi gani au nafasi gani iliyokuletea hisia hiyo, ili mwalimu wako aweze kukufuata kwa macho.

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha sekondari na huwaonyesha wanafunzi wangu picha za wachoraji wa nje. Mwalimu mwenzangu anashikilia kwamba hii ya Monet haikumalizwa, kwamba ilichekwa ilipoonyeshwa, na kwamba sifa yake imetokana na jina tu. Nimjibu nini? — Mwalimu, Chumbageni, Tanga.

JIBU: Mwalimu mwenzako ana haki katika mawili kati ya hayo matatu. Picha ilionyeshwa Paris kuanzia tarehe 15 Aprili 1874, katika studio iliyokuwa ya mpiga picha Nadar, kwenye maonyesho ambayo kundi la wasanii liliyaandaa lenyewe bila kupitia maonyesho rasmi ya serikali. Siku chache baadaye mwandishi Louis Leroy aliandika katika gazeti la Le Charivari makala ya kejeli, akidai kwamba hata karatasi ya kubandika ukutani iliyo katika hatua zake za mwanzo imekamilika kuliko picha hiyo ya bahari, na kutokana na neno la Kifaransa impression, yaani taswira, lililo katika jina la picha, akawaita wachoraji wale waimpreshonisti. Jina likawakaa. Monet mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipoulizwa jina la kuandika katika orodha ya maonyesho, aliona picha haiwezi kuitwa mandhari ya Le Havre, akasema waandike taswira. Hata bei yake ilishuka: mfanyabiashara Ernest Hoschedé aliinunua kwa faranga 800, na mwaka 1878 mali zake zilipouzwa, Georges de Bellio aliipata kwa faranga 210.

Katika lile la kwamba picha haikumalizwa sikubaliani naye. Picha imepakwa upesi na kwa tabaka jepesi, hilo ni kweli, lakini upesi haukuleta ubahatishaji. Mwaka 2014 Donald Olson, mtaalamu wa nyota na mwalimu wa chuo kikuu katika jimbo la Texas, Marekani, alitumia picha hiyo kutafuta siku ilipochorwa. Alipima mahali jua liliposimama kulingana na majengo ya bandari, akapata vipindi viwili tu vya mwaka vinavyofaa, katikati ya Novemba na mwishoni mwa Januari. Akaongeza kipimo ambacho mtu wa Tanga atakielewa bila maelezo: bandari ile ya nje ilikuwa ikipwa, na meli kubwa za matanga ziliweza kupita maji yalipojaa peke yake, kwa hiyo saa ya jua ilibidi ilingane na saa ya maji kujaa. Akapitia kumbukumbu za hali ya hewa kutafuta asubuhi yenye ukungu na upepo wa mashariki, kwa kuwa moshi katika picha unavuma kutoka kushoto kwenda kulia na mtazamaji ameelekea kusini-mashariki. Siku aliyoiona inafaa kuliko zote ni tarehe 13 Novemba 1872, yapata saa moja na dakika 35 asubuhi. Mchoro uliofanywa ovyo usingeweza kupimwa hivyo. Monet aliacha kamba, mbao na nyuso za watu, lakini pembe ya jua, mwelekeo wa moshi na kimo cha maji alivishika.

Darasani ningewaomba wanafunzi wataje kitu kimoja ambacho wangekiongeza ili picha ikamilike, kisha waeleze kitu hicho kingefanya nini kwa jua. Wengi watataka kumalizia milingoti na kamba zake. Milingoti ikishakuwa myeusi na yenye ncha kali, inakuwa kitovu cha tatu, na jua, ambalo halina nguvu ya giza wala weupe, linashindwa.

SWALI: Mhariri, mimi ni mvuvi, na nikiwa sina safari huchora kwa rangi za makopo juu ya hadibodi. Nikichora ghuba yetu, ngalawa ya karibu na ya mbali zote zinaonekana zimebandikwa mahali pamoja. Nasikia Monet naye alichora boti tatu. Alifanyaje? — A.J., Sahare, Tanga.

JIBU: Ndugu yangu, katika picha hiyo boti ya kwanza ni nyeusi karibu kabisa, na ndani yake unaona watu wawili, mmoja akiwa amesimama. Ya pili ni ndogo na imeshachanganyika na kijivu cha maji, nayo ya tatu ni kivuli tu. Wachoraji wengi wa kwetu hupunguza ukubwa peke yake. Monet alipunguza vitu vitatu kwa pamoja: ukubwa, weusi, na idadi ya vitu vinavyoonekana ndani ya boti.

Rangi za makopo hukauka haraka na hazichanganyiki vizuri zikishakuwa juu ya ubao, kwa hiyo andaa michanganyiko mitatu kabla hujaanza. Wa kwanza uwe rangi halisi ya ngalawa. Wa pili rangi hiyo hiyo iliyotiwa kiasi sawa cha rangi ya anga lako. Wa tatu uwe karibu anga tupu, wenye chembe tu ya rangi ya ngalawa. Usitumie nyeupe ya kopo kufifisha, kwa sababu nyeupe husukuma kitu mbele badala ya kukirudisha nyuma. Tanga la ngalawa nalo lipe umakini huo huo: la karibu liwe jeupe kuliko yote, la mbali liwe limepoteza weupe wake na kuchukua rangi ya hewa. Mirengu na mvuvi mwenyewe vionekane katika ngalawa ya kwanza peke yake, ya pili ibaki na umbo la chombo na tanga, ya tatu iwe mpigo mmoja wa brashi. Mikoko ya ng'ambo ya ghuba na Kisiwa cha Toten vifuate kanuni hiyo hiyo. Kijani chake kibichi unachokijua ukiwa karibu nacho, kutoka ufukweni kwako kimeshaingia ubuluu, na ukikipaka kibichi kitaruka mbele ya ngalawa.

Zipange ngalawa kwa mshazari, na nafasi kati ya ya pili na ya tatu iwe ndogo kuliko ile kati ya ya kwanza na ya pili, maana masafa hujibana kadiri yanavyokaribia upeo wa macho. Mipigo ya maji ifuate mkondo huo: mipana chini ya ubao, myembamba unapopanda. Anza na ngalawa ya mbali na umalizie na ya karibu, ili brashi yako itoke kwenye mchanganyiko hafifu kwenda kwenye mzito bila kulazimika kuisafisha kila mara.